Hoja Hujibiwa kwa Hoja: Tujifunze Nini kutoka Mlimani?

Muhula uliopita nilifanya kosa darasani, na kosa hilo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Tulikuwa kwenye semina ya historia ya Tanzania baada ya uhuru, mada ikiwa Operesheni Vijiji. Kijana mmoja alieleza kwamba bila vijiji taifa lisingeweza kufikisha shule, maji na zahanati kwa watu waliotawanyika porini. Mwenzake akamjibu kwamba watu walihamishwa kwa nguvu, nyumba zao zikachomwa, na hakuna zahanati inayohalalisha jambo hilo. Mpaka hapo semina ilikwenda vizuri. Kisha sauti moja ikatoka nyuma: "Huyo si kada tu!" Upande wa pili ukarudisha: "Na wewe umetumwa na nani?" Dakika tano baadaye hakuna aliyezungumzia vijiji tena. Kila mmoja alikuwa anazungumzia chama cha mwenzake.

Nikapiga meza. Nikasema hapa tunasoma historia, siasa zibaki nje ya mlango. Darasa likanyamaza, nami nikajiona nimetimiza wajibu wangu.

Baada ya kipindi, mwanafunzi mmoja wa kike alinifuata ofisini. Aliniamkia, akasimama kimya kidogo, halafu akauliza: "Mwalimu, samahani. Ukiitoa siasa, historia ya Operesheni Vijiji inabaki nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimwahidi kwamba tungelizungumza wiki inayofuata, naye akaondoka. Jioni ile nilirudi kwenye nyaraka na vitabu ninavyovifahamu vya miaka ya mwanzo ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kutafuta namna waliotutangulia walivyogombana kwa hoja, na namna walivyoshindwa pia. Niliyoyakuta ndiyo ninayotaka kuyaweka mbele yako, ndugu msomaji, iwe wewe ni mwanafunzi, mwanaharakati au mtumishi wa umma.

Tunao mtindo wa kuisimulia historia ya Mlimani kama hadithi ya enzi ya dhahabu: wasomi wakubwa, Ukumbi wa Nkrumah umefurika, hoja zinapaa. Yapo ya kujivunia, lakini simulizi hiyo inaficha nusu ya ukweli. Kila hatua ya mjadala ule ilikuwa na rungu pembeni yake. Tukiikumbuka minong'ono ya sifa tu, hatutajua kwa nini mijadala mingine ilizaa matunda na mingine iliishia kwenye mabasi ya kuwarudisha wanafunzi makwao.

Chuo kilianza mwaka 1961 kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiozidi darasa dogo, katika jengo la TANU mjini Dar es Salaam. Mwaka 1964 kilihamia kilimani, na jina la Mlimani likakaa. Miaka miwili baadaye mgogoro wa kwanza mkubwa ulizuka. Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi waliandamana wakiwa wamevaa majoho yao kwenda kwa Rais kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Serikali ilitaka wahitimu watumikie taifa kwa miaka miwili, na kwa miezi 18 ya kipindi hicho wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Bango moja lililobebwa siku hiyo lilidai kuwa hali ilikuwa afadhali wakati wa ukoloni. Mwalimu Nyerere aliwapokea, akawasikiliza, kisha akawafukuza karibu wote, wanafunzi wapatao mia nne. Wengi wao walirudishwa masomoni mwaka uliofuata.

Tukio hilo husimuliwa kwa namna mbili, kutegemea msimulizi anasimama wapi. Kwa wengine ni kisa cha vijana wabinafsi waliosomeshwa kwa jasho la wakulima wakakataa kulipa fadhila. Kwa wengine ni mwanzo wa dola kuwanyamazisha wanafunzi. Kinachosahaulika na pande zote mbili ni kwamba siku ile ile Rais alikubali sehemu ya lawama. Mishahara ya viongozi ilikuwa mikubwa kupita kiasi, na alianza na wake mwenyewe kwa kuupunguza kwa asilimia 20. Sisemi kwamba maandamano yale yalilizaa Azimio la Arusha lililofuata Februari 1967. Nasema kwamba ndani ya madai yaliyotolewa vibaya, na kwa sababu za ubinafsi, mlikuwamo swali la kweli kuhusu nani anabeba mzigo wa kujenga taifa. Aliyewafukuza wanafunzi alilisikia swali hilo. Kumfukuza mwenye swali hakukulifukuza swali lenyewe.

Machi 1967 likatoka andiko la Elimu ya Kujitegemea. Wengi wetu tunalikumbuka kwa majembe na mashamba ya shule. Lakini ukilisoma tena utakuta limesisitiza kwamba elimu imjenge kijana mwenye akili inayohoji, anayeweza kujifunza kwa wengine kisha akakubali, akakataa au akarekebisha yale aliyofundishwa. Nyerere huyu huyu, mwaka 1962, alikuwa ameandika kijitabu cha Tujisahihishe, akiwaonya wanachama wenzake juu ya tabia ya kuipima hoja kwa kumtazama msemaji badala ya kuitazama hoja. Kwa hiyo kanuni ilikuwapo, na ilikuwapo katika Kiswahili chepesi ambacho kila mtu aliweza kukielewa. Tatizo halikuwa kuijua. Tatizo lilikuwa kuifuata siku ambayo hoja inakugusa wewe.

Mwaka huo huo wa 1967, wanafunzi wa mrengo wa kushoto kutoka nchi mbalimbali za Afrika waliunda umoja wao wa kimapinduzi uliojulikana kwa kifupi cha USARF. Mwenyekiti wake alikuwa kijana wa Uganda, Yoweri Museveni. Walikuwa na madarasa ya itikadi siku za Jumapili, walialika wapigania uhuru, na walikuwa na mwalimu kijana kutoka Guyana aliyewavutia sana, Walter Rodney. Hawa ndio mashujaa wa simulizi ya enzi ya dhahabu, na kwa sehemu wanastahili.

Lakini hata wao walishindwa mtihani. Novemba 1968 wanafunzi wengine walipanga kusherehekea siku waliyoiita Rag Day, desturi iliyotoka katika vyuo vya Uingereza, ambapo wanafunzi huvaa matambara na kupita mjini wakikusanya fedha za misaada. Vijana wa USARF waliona kuwa huko ni kuwadhihaki maskini. Nadhani walikuwa na hoja nzuri. Hata hivyo siku ilipofika hawakuishia kwenye hoja: waliyazuia magari yasitoke chuoni. Sherehe ikafa. Mimi, ninayekubaliana na msimamo wao, najiuliza mara nyingi ni wanafunzi wangapi kati ya wale waliozuiwa walibadili mawazo siku ile, na wangapi walijifunza tu kwamba mwenye nguvu langoni ndiye mwenye haki. Tunapoilaumu dola kwa kutumia nguvu, tusisahau kwamba tabia hiyo hujifunzwa pia kwenye mabweni.

Sasa tulinganishe matukio mawili yaliyofuatana kwa chini ya mwaka mmoja, kwa sababu ndani yake limo somo ninalolitafuta.

Desemba 1969, Rodney alitoa mada kwenye semina ya vijana wa Afrika Mashariki na Kati mjini Dar es Salaam, akizikosoa vikali serikali za Afrika zilizopata uhuru wa bendera tu na kutetea njia ya mapinduzi. Gazeti la chama, The Nationalist, lilichapisha mawazo yake, kisha likamjibu kwa tahariri kali. Tahariri ile ilimkemea bila kuficha. Rodney naye akajibu kwa barua katika gazeti hilo hilo, akafafanua msimamo wake. Hakufukuzwa. Aliendelea kufundisha Mlimani hadi mwaka 1974, na katika kipindi hicho alikamilisha kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyoirudisha Afrika nyuma, kilichotolewa mwaka 1972 London na Dar es Salaam. Ni kweli kwamba kukemewa na gazeti la chama katika nchi ya chama kimoja si jambo dogo, na hatuwezi kudai kwamba uwanja ulikuwa sawa. Lakini kalamu ilijibiwa kwa kalamu, na msomaji aliachiwa apime.

Mwaka uliofuata mambo yakawa mengine. USARF pamoja na tawi la Umoja wa Vijana wa TANU walikuwa wakitoa jarida lililoitwa Cheche. Mwaka 1970 jarida hilo lilichapisha andiko refu la kijana wa sheria, Issa Shivji, lililohoji ni tabaka gani lililokuwa likinufaika na utaifishaji uliofanywa baada ya Azimio la Arusha. Novemba mwaka huo jarida lilipigwa marufuku na USARF ikavunjwa. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba jina la Cheche lilifanana na jina la gazeti la Lenin, hivyo lilileta picha ya itikadi za kigeni. Hapo swali la andiko, yaani ni nani anayefaidi, likaachwa bila jibu. Jina la jarida ndilo lililojibiwa.

Je, marufuku ile iliua hoja? Vijana walianzisha jarida jingine, MajiMaji, mapema mwaka 1971. Na mwaka 1973 andiko lile lile lilichapwa kama kitabu na Tanzania Publishing House, shirika la uchapishaji la umma, likiwa limeambatanishwa na maoni ya waliolisoma na kulikosoa: Rodney mwenyewe, John Saul wa Kanada, na mchumi wa Hungaria, Tamás Szentes. Nawaomba watumishi wa umma waisome sentensi hiyo mara mbili. Hoja iliyofungiwa na ofisi moja ya umma ilichapishwa na ofisi nyingine ya umma miaka mitatu baadaye. Na Shivji, mwaka 2008, ndiye aliyekuwa wa kwanza kukikalia Kigoda cha Mwalimu Nyerere katika chuo hicho hicho. Afisa aliyedhani anaulinda msimamo wa taifa alikuwa anauchelewesha mjadala ambao taifa lenyewe lilikuja kuuona ni hazina.

Kitabu kile cha mwaka 1973 ndicho ninachokipenda kuliko ngano zote za Ukumbi wa Nkrumah. Ndani ya jalada moja yumo anayesema na wamo wanaomkosoa. Msomaji hapewi nafasi ya kumsikia mmoja bila mwingine. Mwaka 1970 huko Makerere, Kampala, jambo la namna hiyo lilitokea mbele ya watu: Rodney na Ali Mazrui, mwana wa Mombasa aliyekuwa profesa wa siasa chuoni hapo, walipanda jukwaa moja kujadiliana. Mmoja alikuwa Mmarxi, mwingine mkosoaji mashuhuri wa fikra hizo. Hakuna aliyembadilisha mwenzake. Waliofaidi walikuwa wasikilizaji, waliosikia hoja mbili zenye nguvu kutoka kwa wenyewe, si kutoka kwa wanaowasengenya. Miaka michache baadaye, chini ya Idi Amin, Mazrui aliondoka Uganda, na jukwaa la namna ile halikuwezekana tena. Jukwaa huchukua miaka kujengwa, na kuvunjika kwake ni suala la siku chache.

Kwetu nako lilikuwa linatikiswa. Julai 1971, rais wa serikali ya wanafunzi, Symonds Akivaga, Mkenya, aliandika barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo akilalamikia namna chuo kilivyokuwa kikiendeshwa. Jibu lilikuwa kusimamishwa masomo na kuondolewa chuoni na askari wenye silaha, mbele ya wenzake. Wanafunzi waligoma. Hapo tena barua ilijibiwa kwa kitu ambacho si barua.

Kisha Machi 1978 wanafunzi waliandamana kupinga kuongezwa kwa mishahara na marupurupu ya wabunge na mawaziri. Mamia walifukuzwa. Naomba uilinganishe na mwaka 1966. Mara ya kwanza waliandamana kutetea maslahi yao, wakafukuzwa. Mara ya pili waliandamana kupinga maslahi ya wakubwa, yaani walichukua upande ule ambao Mwalimu mwenyewe aliuchukua alipoukata mshahara wake, nao wakafukuzwa. Hapo ndipo kijana hujifunza somo baya kuliko yote: kwamba kilichomponza si alichokisema, ni kule kusema.

Mwezi Aprili 1990, wanataaluma wa taasisi za elimu ya juu nchini walitoa Azimio la Dar es Salaam kuhusu Uhuru wa Taaluma na Wajibu wa Wanataaluma kwa Jamii. Napenda kwamba waliviunganisha viwili hivyo, uhuru na wajibu, katika kichwa kimoja. Mwezi uliofuata, kufuatia mgomo wa wanafunzi, chuo kikafungwa na serikali. Wino wa azimio ulikuwa haujakauka.

Na bado mwaka 1991 nchi hiyo hiyo ilifanya jambo ambalo mpaka leo linanishangaza. Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizunguka kuwauliza wananchi kama wanataka kubaki na chama kimoja au kuwa na vyama vingi. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Sababu zilikuwa nyingi, na upepo wa dunia ulikuwa mmojawapo. Lakini iko moja inayotuhusu sisi walimu: wale asilimia 20 hawakuweza kupuuzwa kwa kuwa ni wachache, na hata miongoni mwa walio wengi wapo waliotaka mageuzi makubwa ndani ya chama chao. Walio wachache waliosikilizwa waliweza kuishi na walio wengi. Darasa langu la semina lilikuwa limeshindwa jambo ambalo nchi nzima iliwahi kulifanya.

Nikiyaweka yote haya pamoja, naona tofauti kati ya mijadala iliyojenga na iliyobomoa haikuwa ukali wa maneno. Tahariri ya 1969 ilikuwa kali, na waliomkosoa Shivji hawakumbembeleza. Tofauti ilikuwa kwenye mambo matatu. Kwanza, kulikuwa na andiko: hoja iliyowekwa kwenye karatasi, ambayo mtu anaweza kurudi kuisoma badala ya kukisia aliyeisema anatumwa na nani. Pili, aliyejibiwa aliachiwa nafasi ya kujibu tena, mahali pale pale. Tatu, baada ya kubishana kila mtu alibaki na kazi yake au masomo yake. Lilipokosekana mojawapo, mjadala ulikufa, hata kama nia ilikuwa njema.

Wapo wenzangu watakaosema kwamba hali ya leo ni tofauti, kwamba mhadhiri anayefungua mlango wa siasa darasani anajitafutia matatizo. Siudharau woga huo, ninao pia. Ndiyo maana nilipiga meza. Lakini nimegundua kwamba kunyamazisha hakukuitoa siasa darasani kwangu. Kuliiacha ibaki huku kukitoa historia, kwani vijana wale waliondoka na majina waliyoitana, bila hoja walizokuja nazo.

Wiki iliyofuata nilianza kipindi kwa kuwaomba radhi. Kisha nikawapa kazi: kila mmoja aandike ukurasa mmoja wa hoja ya upande asiokubaliana nao, na awasomee wenye msimamo huo mpaka wakiri kwamba ndivyo wanavyoamini. Haikuwa rahisi. Kurasa kadhaa zilirudishwa mara mbili na tatu, wenye hoja wakisema, "Hapana, hicho sicho tunachosema." Yule kijana aliyevitetea vijiji alieleza, kwa mara ya kwanza, kwamba mama yake alikuwa mtu wa kwanza katika ukoo wao kuingia shule, kwa sababu shule ilijengwa kijijini walikohamishiwa. Mwenzake akaeleza kwamba babu yake alihamishwa kutoka shamba la mikorosho na hakuwahi kurudi. Wote wawili walikuwa wakiizungumzia nyumba ya kwao. Ndivyo historia ya nchi hii ilivyo: shule ile ni ya kweli na mikorosho ile ni ya kweli.

Hawakukubaliana mpaka mwisho wa muhula, na sikuwataka wakubaliane. Mmoja wao bado anavaa fulana ya chama chake siku za Ijumaa, na mwingine bado anacheka akiiona. Lakini karatasi zao za mwisho ndizo bora nilizozisahihisha mwaka huu, na kila mmoja amemnukuu mwenzake kwa jina.

Kwa walimu wenzangu: tuvumilie kelele ya dakika kumi za mwanzo. Kwa wanafunzi na wanaharakati: kabla hujauliza mtu ametumwa na nani, jiulize kama unaweza kuieleza hoja yake bila kuipotosha. Na kwako mtumishi wa umma, ambaye siku moja utaletewa mezani barua, jarida au bango na kuulizwa ufanye nini: kumbuka kwamba Cheche ilifungiwa na andiko lake likaishi. Kabla hujatafuta muhuri, tafuta kalamu.

Yule binti aliyenifuata ofisini hajaniuliza tena swali lake. Mwishoni mwa muhula alinisalimia tu kwenye ngazi, akaenda zake. Ikiwa anasoma hapa, jibu langu limechelewa, lakini ni hili: ukiitoa siasa, mwanangu, hakibaki kitu. Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha kuibeba bila kuumizana, nami siku ile niliikimbia.